Jinsi ya kumtafuta muumini aliyeacha kuja kanisani bila kumuumiza zaidi

Kama we ni mzee wa kanisa, mwenyekiti au katibu wa jumuiya, au muumini wa kawaida tu ambaye umeona kuna mtu siku hizi haonekani kwenye benchi lake, huu mwongozo nimeuandika kwa ajili yako. Kuna jambo linaniuma sana kwenye makanisa yetu hapa Dar na wala sio la dhehebu moja, nimeliona kwa Walutheri, kwa Wakatoliki, kwa ndugu zetu wa Pentekoste. Mtu anapotea mwaka mzima hakuna anayegonga mlango wake, halafu siku amefariki ndo daftari la jumuiya linafunguliwa kuangaliwa kama alikuwa anahudhuria na kama alimaliza ahadi, familia iko msibani inalia huku inabembeleza aje mtu wa kuzika. Muda wa kumtafuta akiwa hai tulikuwa nao, tukautumia kumwekea alama ya hayupo.

Na wapo wanaoitumia hiyo ya mazishi kama fimbo kabisa, "we endelea tu kutokuja jumuiya, tutaona atakuzika nani." Naomba tuache hiyo kauli. Mtu anayekuja kwa kuogopa kukosa wa kumzika anakaa nyuma, anasaini daftari, anaondoka, na yale yaliyomfanya apotee yako palepale hakuna aliyeyagusa.

Hatua ya kwanza: jua kilichomkuta kabla hujampa jina

Majina tunayo mengi, vuguvugu, amerudi nyuma, Mkristo jina, Mkristo wa Krismasi na Pasaka. Yote yanasema kosa ni lake na kesi imeisha. Ukienda kwake na hilo jina kichwani atalisikia hata usipolitamka, maana mtu aliyekaa muda mrefu bila kuja anajishtukia sana, anakusoma usoni kabla hujakaa. Paulo alipowaandikia Wathesalonike (1 Wathesalonike 5:14) aliwatofautisha watu, wasiokaa kwa utaratibu waonywe, waliokata tamaa watiwe moyo, wanyonge washikwe mkono, halafu wote wavumiliwe. Sisi tunachukua lile la kwanza tu, kuonya, tunawagawia wote.

Kwa hiyo kabla hujapiga simu kaa chini ujiulize mara ya mwisho ulimwona lini, na kipindi kile nyumbani kwake kulikuwa na nini. Waulize waliokuwa karibu naye ila usiulize kwenye kikao. Sababu ninazokutana nazo hapa mjini nyingi hata hazihusiani na imani.

Kuna kazi. Mlinzi wa usiku anayetoka lindo Jumapili asubuhi macho mekundu, nesi wa shifti, mama lishe, dereva wa bajaji mwenye hesabu ya bosi kila siku ikiwemo Jumapili, kijana anayeuza duka la mtu Kariakoo, dada wa kazi za ndani anayepewa ruhusa mara moja kwa mwezi. Hawa hawajaacha kanisa hata kidogo, ni ratiba yetu tu imepangwa kama vile kila mtu ni mfanyakazi wa ofisini.

Kuna umbali. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar watu zaidi ya milioni 5.3, na ni watu wanaohama kila siku, kodi ikipanda Sinza mtu anaenda Chanika, akipata kiwanja anahamia kwenye nyumba isiyo na dari huko Bunju. Wengine hawakuhama kwa kupenda, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuna familia za bondeni Jangwani zilipelekwa Mabwepande, na mwaka 2017 ikaja bomoabomoa ya kupanua Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, majirani wakasambaa kila mtu na njia yake. Sasa we chukua baba, mama na watoto watatu, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, ongeza sadaka ya kila mmoja mkononi, kwa mtu anayekula kwa kipato cha siku hapo imeshaondoka hela ya mboga na unga.

Kuna hela, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo tunapopoteza watu wengi halafu tunajifanya hatuoni. Bahasha ya ahadi, mavuno, ujenzi, sare ya kwaya, kitenge cha wamama, mchango wa harusi ya mtoto wa kiongozi, rambirambi. Kila kimoja peke yake hakina ubaya. Ila mtu akiachishwa kazi anaanza kukwepa ile siku anayojua kutakuwa na michango, baadaye anakwepa siku zote maana hajui ipi haina. Na pale majina yanaposomwa mbele za watu nani katoa nani bado, yule aliyeshindwa anaondoka moyoni siku hiyohiyo hata kama mwili utakuja wiki mbili zaidi. Kuna lingine huwa halisemwi kabisa, deni la kikoba. Wamama wengi kikoba chao ni wenzao wa kanisani, akishindwa marejesho anaona aibu kukaa benchi moja na anayemdai, ukimuuliza anakwambia "nimebanwa tu na majukumu dada" na wewe unaandika kwenye ripoti kwamba amepoa kiroho.

Halafu yapo yale mazito, kufiwa, ndoa kuvunjika, binti kupata mimba na wazazi kuona aibu kuliko yeye, kuolewa na Muislamu (familia za mchanganyiko huku pwani ni kawaida kabisa, ila ukimsikiliza jinsi watu wanavyomuuliza utaelewa kwa nini amekaa kwake), kuuguza mzazi, mtoto mwenye ulemavu ambaye akipiga kelele kanisa zima linageuka, sonona, ugomvi wa kwaya ambao umeanza na nani aimbe solo. Na wapo ambao imani yenyewe imeyumba, wana maswali na wanaogopa kuuliza. Usimweke mtu kapu moja na mwenzake.

Hatua ya pili: angalia nani anafaa kwenda

Isiwe kamati. Watu watano wakiingia uani na Biblia wapangaji wote wanajua kuna kesi. Aende mmoja au wawili, wasizidi, na angalau mmoja awe mtu ambaye yeye mwenyewe angefurahi kumwona hata kama kanisa lisingekuwepo. Mama aende kwa mama, kijana kwa kijana. Asiende anayemdai. Asiende waliyegombana naye, hilo la kupatana lina siku yake. Asiende yule anayejulikana kwa kupeleka habari, na kila jumuiya inamjua wake.

Mchungaji au padri mara nyingi asiwe wa kwanza, kwa sababu akitokea ghafla nyumbani watu wanapata presha, labda kuna mtu kashtakiwa. Lakini kwa mzee aliyetumikia kanisa miaka mingi halafu akasahaulika, mchungaji kwenda mwenyewe na kukaa naye ndo dawa, hapo usitume mtu.

Kabla hamjatoka mkubaliane kwamba mtakachosikia hakifiki kwenye grupu la WhatsApp, hakifiki kwenye maombi ya jumuiya kwa njia ya "tumwombee ndugu yetu mmoja ana shida ya ndoa," na kwenye ripoti mnaandika tu kwamba mlimtembelea na ni mzima. Wale wenye tabia ya kubandika listi ya wasiohudhuria au wasiotoa kwenye grupu wajue pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mambo ya dini ya mtu ni taarifa nyeti. Ila hata sheria isingekuwepo ungejisikiaje jina la mama yako likiwa pale.

Hatua ya tatu: meseji au simu ya kwanza

Nimeonyeshwa meseji moja imeandikwa hivi: "Bwana asifiwe. Uongozi umebaini huhudhurii ibada wala jumuiya. Unakumbushwa kutimiza wajibu wako ikiwa ni pamoja na ahadi." Hiyo ni kama meseji ya kudai mkopo, mtu akiisoma anazima simu. Na ile ya "weeh umepotea sana, umeadimika!" tunaiandika kwa upendo ila yeye anaisoma kama lawama na anaanza kutafuta uongo wa kujibu.

Kwa rika lako andika kitu kama hiki: "Mambo vipi kaka, leo nimekukumbuka nikasema nikusalimie. Uko poa? Nyumbani wazima?" Kwa mkubwa wako: "Shikamoo mama. Ni mimi jirani yako wa jumuiya. Nimewakumbuka wewe na baba, afya zinaendeleaje? Hakuna neno, nilitaka tu kuwajulia hali." Hilo "hakuna neno" ni muhimu mno, linamtoa wasiwasi kwamba unataka kitu. Halafu acha hapohapo. Usiongeze mstari wa Biblia, usiweke tangazo la semina, usiweke namba ya kuchangia, na usimrudishe kwenye grupu alilojitoa bila kumuuliza.

Kwa wazee piga simu, wengi hawana bando na wengine kusoma maandishi madogo ni shida, sauti yako inawafikia zaidi. Mtu asipojibu usimhesabie. Kaa wiki mbili tatu, msalimie tena mara moja, na kama kuna jambo halisi litumie, mtoto wake anafanya mtihani wa la saba, umesikia kwao kumefiwa. Kwenye msiba hata usisubiri ujibiwe, nenda.

Hatua ya nne: kwenda nyumbani

Omba kwanza, "naweza nikapita Jumamosi jioni nikusalimie?" Akisema yuko bize kubali na usiulize bize ya nini. Usiende Jumapili mkitoka ibadani na nguo za kanisani, vazi lenyewe linamwambia wenzako tumetoka na wewe umekaa. Nenda siku ya kawaida na nguo za kawaida, na kama ni desturi yako kwenda kwa watu na sukari au mkate beba kama ungebeba kwa mtu mwingine yeyote, isizidi ikaonekana ni msaada.

Wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga, korido moja vyumba sita, ukikohoa jirani anakupa pole. Piga hodi ya kawaida. Usianzishe wimbo mlangoni. Ukiwekewa kiti cha plastiki uani na yeye anaendelea kuchambua mchicha, sogeza kiti, chukua fungu uchambue naye, mikono ikiwa na kazi mdomo unakuwa mwepesi na hamtazamani machoni kama polisi na mtuhumiwa. Chai ikija kunywa. Ukiona chupa za bia pembeni, ukikuta mwanaume au mwanamke usiyemtegemea, hirizi ukutani, chochote kile, macho yako yasisimame hapo. Msalimie kila uliyemkuta kwa heshima yake, shikamoo kwa anayestahili.

Ongea maisha. Watoto, kazi, maji yanatoka, kodi. Ukiona nusu saa imepita na kanisa halijatajwa hujapoteza kitu. Mara nyingi atalitaja mwenyewe, "najua mmekuja kwa sababu siji kanisani," na hapo jibu lako ndo litaamua kama utakaribishwa tena. Mwambie "tumekuja kukuona wewe. Tukiongea ya kanisa sawa, tusipoongea pia sawa." Na uwe unamaanisha, kwa sababu atakupima.

Akianza kueleza nyamaza. Swali moja tu linatosha, "ikawaje?" Angalia Yesu na wale wawili wa Emau kwenye Luka 24, walikuwa wanaondoka Yerusalemu, yeye akatembea nao hukohuko wanakokwenda, akauliza wanaongea nini, akawaacha wamwage yote ndipo akafungua Maandiko. Na Eliya kule 1 Wafalme 19 alipochoka mpaka akaomba afe, malaika alimletea mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye kabisa, kule Horebu.

Kuna maneno ambayo hata kama unayaamini usiyaseme siku hiyo: "Mungu ana makusudi yake," "ungekuwa unakuja kanisani hayo yasingekukuta," "hicho ni kifungo, ufunguliwe," "mbona fulani naye alifiwa na anakuja?" Mtu akisema ana hasira na Mungu usimtetee Mungu, Zaburi zimejaa hasira hizo na Mungu hakuzifuta.

Nikupe mfano mmoja. Mama mmoja alikuwa hakosi ibada, mtoto wake akaugua muda mrefu mpaka akafariki. Baada ya arobaini akaja kanisani mara moja akatoka katikati, hakurudi. Wenzake wakasema amemkasirikia Mungu, kuna aliyesema ameanza kwenda kwa waganga. Jirani yake mmoja wa jumuiya akawa anapita tu jioni, wanapika wote, hasemi neno la kanisa. Siku moja wanakwangua nazi yule mama akasema yeye mwenyewe, kwaya iliyoimba makaburini ndo inaimba kila Jumapili, wakianza tu sauti ya pili anaona jeneza. Basi. Ilikuwa ni hiyo tu na hakuna aliyekuwa anaijua. Yule jirani hakumwambia avumilie, alimwambia "siku ukitaka tutakaa wote nje pale kwenye mwarobaini, kwaya ikianza mi niko na wewe, ukitaka tuondoke tunaondoka." Wakawa wanakaa nje. Kwanza walikuwa wanaondoka kabla ya mahubiri, baadaye wakawa wanabaki, na kilichomfikisha mpaka ndani sio mahubiri yoyote, ni kwamba alikuwa na mtu wa kutoka naye.

Kabla ya kuondoka uliza, "tuombe au tuache kwa leo?" Akisema tuache, mshukuru kwa chai uende. Akisema tuombe, omba kwa ufupi na uombe alichokwambia yeye, mguu unaomuuma, mtoto anayetafuta kazi. Kuna ugonjwa wa kumsema mtu kwa sala, "Bwana, mrudishe mtoto wako aliyepotea kwenye anasa za dunia," mtu amefumba macho hawezi hata kujitetea. Usimfanyie mtu hivyo nyumbani kwake.

Hatua ya tano: beba kitu kimoja chenye uzito

Ukishajua kinachomsumbua usirudi na ushauri mtupu. Chagua kimoja unachokiweza kweli.

Wa kazi mtafutie ibada inayomfaa, makanisa mengi Dar yana ibada ya asubuhi sana na ya katikati ya wiki, na jumuiya ya Jumamosi alfajiri inaweza ikahamia jioni mara moja moja kwa ajili ya watu watatu, haitakufa. Aliyehama mbali msaidie apate barua ya utambulisho ahamie usharika au parokia ya karibu naye, na ufurahi kwa dhati, hujapoteza namba. Wakatoliki watakumbuka kwamba mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele, kanisa lishuke mpaka kwenye ujirani. Ujirani wa mtu wa Chanika uko Chanika.

Wa hela, mwenyekiti amwambie faragha na kwa kinywa chake kwamba bahasha isimzuie, na kusoma majina mbele ya watu kukome kwa wote sio kwa huyo tu. Wa kikoba, ongea na mweka hazina wa kikoba kama akikuruhusu, marejesho yapunguzwe yaende taratibu, yaishie hapo watu wachache. Mgonjwa na anayeuguza wapelekewe meza ya Bwana nyumbani, au mtu akae na mgonjwa saa mbili huyu aende ibadani au akalale, akichagua kulala ni sawa.

Mwenye sonona, asiyelala, asiyekula, aliyekata tamaa, msindikize hospitali. Muhimbili kuna huduma ya afya ya akili, na unaweza ukaanzia hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala. Maombi yaendelee ila yasichukue nafasi ya daktari, na usimwambie ni mapepo. Akigusia kwamba bora afe, usimwache peke yake, tafuta ndugu yake wa karibu na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: yule aliyeumizwa na kanisa lenyewe

Hapa watu wengi tunaharibu kwa sababu tunakimbilia kulitetea kanisa. Kama alidhulumiwa, alisemwa madhabahuni, alisingiziwa kwenye pesa za ujenzi, usianze na "lakini viongozi nao ni binadamu." Anajua. Mwambie "pole, hukustahili hilo," halafu muulize angependa lifanyike nini. Wengine wanataka tu aliyewakosea aje aombe radhi nyumbani, na kumfikishia kiongozi ujumbe huo ni kazi ya mzee wa kanisa mwenye uthubutu. Kama alitukanwa hadharani radhi ya chumbani haitoshi.

Kama ni jambo la kushikwashikwa, kulazimishwa, kubakwa, au mtoto ameguswa na mtu wa kanisani, acha kabisa habari ya kumrudisha. Usimpatanishe na aliyemtendea. Usiseme tumalize kikanisa. Hilo ni la polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa mtoto kuna namba ya simu ya bure 116. Kaa upande wake hata kama mtuhumiwa ni mtu mnayempenda wote.

Hatua ya saba: walio kwenye nidhamu na mambo ya ndoa

Wapo waliotengwa na meza ya Bwana, wapo wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa, wapo walioachika wakaoa tena. Taratibu za kila dhehebu zipo na mimi siko hapa kuzipangua, mweleze ukweli na mpeleke kwa mchungaji au padri wake, usimwahidi usichoweza. Ninachosema ni kwamba asiyeshiriki meza haina maana haruhusiwi kusalimiwa. Bado anaweza kukaa ibadani, bado jumuiya inaweza kusali nyumbani kwake, mtoto wake akiugua bado tunaenda. Wagalatia 6:1 inasema arejezwe kwa roho ya upole. Na wengi ambao hawajafunga ndoa hapa mjini kinachowakwamisha ni gharama, wanadhani ndoa ni ukumbi na magari. Waambie wazi kwamba ndoa inafungwa siku ya ibada ya kawaida na pilau ya nyumbani, na muwasaidie kuipika hiyo pilau.

Hatua ya nane: siku akitokea

Usimwite mbele. Usipige vigelegele. Na jamani ile "leo mvua itanyesha!" tuiache, mtu ametumia miezi kupata ujasiri wa kuvuka lile geti. Mpe mkono kama ulimwona wiki iliyopita, kaa naye benchi moja, mfungulie wimbo kama hana kitabu. Wahi kuongea na viongozi ili matangazo ya siku hiyo yasimpige, na baada ya ibada msindikize mpaka kituoni au umtafutie lifti, ule muda wa kusimama nje peke yake wakati wengine wanachekeana ndo mgumu kuliko ibada nzima.

Usimpe cheo wala kazi haraka kwa kudhani utamshika, usimrudishe kwaya wiki inayofuata, na miezi ya kwanza asiguswe na mchango wowote. Akikosa Jumapili mbili msalimie tu kama kawaida.

Na asiporudi?

Wengine hawatarudi, au watarudi baada ya miaka, au wataenda kanisa jingine. Kama ulikuwa unamtembelea ili arudi utachoka na ataona umechoka. Kama ulikuwa unamtembelea kwa sababu ni ndugu yako hakuna kilichobadilika, endelea kumsalimia, Krismasi mpelekee pilau, akiuguliwa nenda. Akikwambia wazi kwamba hataki kutembelewa, heshimu, mwambie namba yako ni ileile na usipite tena mpaka akuite. Jina lake lisifutwe kwenye daftari kwa hasira. Na uongozi ukae sasa hivi wakati hakuna msiba, muamue mtafanya nini mmoja wa hawa akifariki, mkiliacha mpaka siku hiyo litaamuliwa na mtu mwenye hasira mbele ya wafiwa.

Mwisho, ukihama mtaa au ukimaliza muda wako wa uongozi usimwache kwenye karatasi. Mchukue mtu mmoja unayemwamini mwende wote siku ya kawaida, umtambulishe, "huyu ni jirani yangu, mimi nahamia Kigamboni, msiache kutafutana." Wabadilishane namba hapohapo ukiwepo, na yale aliyokwambia kwa siri usiyahamishe pamoja na jina lake, kama atataka atamwambia mwenyewe.